Hata Kama Unafukuzwa, Zunguka

Vijana wangu, siku mtakapopewa kazi ya kuonyesha watu filamu, kitu cha kwanza kutafuta ni kigoda. Projekta itakuja, spika zitakuja. Wewe tafuta kigoda. Kiweke mbele kabisa, pembeni mwa skrini, ukikalie huku umeipa picha mgongo na uso wako umeelekea watu. Hapo ndipo nilipokaa karibu maisha yangu yote ya kazi, kwanza na gari la sinema lililozunguka Kajiado, baadaye katika ukumbi mdogo nyuma ya soko la Kitengela. Kuna filamu nilizoonyesha mara nyingi ambazo hata leo siwezi kuwaambia ziliishaje. Lakini naweza kuwaambia nani alilia, na nani alisingizia vumbi.

Aliyenifundisha ni Mzee Lemayian, dereva wa lile gari. Mimi niliajiriwa kuendesha mashine, yeye kuendesha gari, lakini siku ya kwanza tu aliniona nimekodolea picha macho kama mtoto, akanigusa bega. "Picha inajijua," akasema. "Wewe angalia watu."

Kazi yenyewe ilitaka akili nyingi za mikono. Shuka letu jeupe la kuonyeshea picha lilikuwa kubwa kama ukuta wa nyumba, na upepo wa Isinya ukilipata ulikuwa unalijaza kama tumbo la ng'ombe aliyekula majani mabichi. Nilidhani dawa ni kulikaza. Nikaongeza kamba, likapasuka. Mzee Lemayian akachukua kisu akalikata vitundu vya nusu mwezi hapa na pale, upepo ukapita kwa adabu, na hakuna mtazamaji aliyeona tundu hata moja. Upepo haushindwi nguvu, unapewa mlango. Na jenereta muiweke upande ule upepo unakoelekea, ili kelele zake ziende kwa fisi, zisirudi kwa watu.

Tulikuwa na siku mbaya pia. Huko Bissil mikanda ilichanganyika. Filamu ilikuwa ya mapenzi, na kwa jinsi tulivyoipanga, bibi arusi akazaa kwanza, halafu akaposwa, halafu ndipo akakutana na yule bwana njiani wakaulizana majina. Nilitaka ardhi inimeze. Ilipokwisha, baba mmoja alinijia akanishika mkono kwa nguvu. "Hiyo sinema ni ya ukweli kabisa," akasema. "Kwa jirani yangu ilikuwa hivyo hivyo."

Lakini la maana zaidi nililojifunza kwenye gari lile ni salamu. Kabla ya kila onyesho, Mzee Lemayian aliuzunguka uwanja mzima. "Sopa!" anaita, "Epa!" wanaitika. Watoto wakimwinamishia vichwa awaguse, kama ilivyo desturi ya Wamaasai, wakubwa wakimpa mkono. Mimi nilisimama kando ya mashine nikiungua moyo, maana giza limeshaingia na watu wanangoja. Kumbe mwenzangu alikuwa kazini. Akirudi ananiambia, "Pale kushoto kuna mzee ameketi karibu na mke wa mwanawe. Ile ya watu kuoga mtoni tusiweke."

Siku moja nikamuuliza, "Kwani watu hawa hawapendi mzaha?"

"Wanapenda kukushinda wewe," akanijibu. "Lakini mtu hacheki na mdomo wake peke yake. Kwanza anamwangalia aliye kando. Kama aliye kando ni baba mkwe, kicheko kinarudi tumboni." Kisha akaniambia neno lao, enkanyit, ambalo ni heshima, lakini heshima ile inayokaa katikati ya watu wawili kama kiti cha tatu. Nimetoka familia ya Wakamba, nikacheka nikamwambia hata kwetu kiti hicho kipo, tena kina mto.

Nimewaeleza hayo ili mnielewe nikifika kwa Kyalo.

Miaka ilikwenda. Mikanda ikawa kaseti, kaseti zikawa sahani za DVD, na mwishowe filamu nzima ikawa inaletwa kwangu mfukoni mwa kijana, kwenye flashi iliyofungwa pamoja na ufunguo wa nyumba. Kijana huyo alikuwa Kyalo. Alipanga chumba Nkoroi, kwenye ploti ya bibi mmoja tuliyemwita Shosho Nyambura, na alikuwa ametengeneza filamu ya vichekesho pamoja na marafiki zake. Ukumbi wote wa Kitengela walinijua kwa jina la Mama Picha, naye akaniita hivyo.

"Mama Picha, hii ni moto," akaniambia. "Vijana wa Rongai wameiona kwa keja yangu kule Nkoroi, wamecheka mpaka mmoja ametapika."

"Ulikuwa mcheko au chakula?"

"Mcheko, Mama Picha!"

Lakini aliponipa ile flashi hakuiachia mara moja, na nikamdadisi mpaka akasema. Baba yake, Mzee Mutiso, alikuwa mkata mawe kwenye machimbo ya Kiserian. Alimpa Kyalo mwaka mmoja wa kushika kamera. Mwaka ulikuwa umekwisha. Alikuwa ameshamtafutia nafasi kwa msimamizi wa machimbo, na maneno yake yalikuwa haya: "Hiyo kamera ikikataa, nyundo yako iko tayari." Jumamosi ilikuwa ya filamu. Jumatatu ilikuwa ya nyundo, isipokuwa filamu iseme vingine.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Mama yake Kyalo alikuja na wanawake wa kanisa lao, wakakaa safu za mbele kwa vitambaa vyao vya kichwa. Marafiki wa Rongai walikaa nyuma kabisa. Shosho Nyambura alikuja na kikapu, akakaa kati. Mzee Mutiso alikuwa amevaa kofia yake ya Jumapili, akaivua, akaiweka magotini, na kando yake akaketi mke wa mwanawe wa kwanza. Niliwasalimia wote, kiti kwa kiti, kama nilivyofunzwa. Nilipofika kwa Mzee Mutiso na mkaza mwana wake, nikasikia sauti ya Lemayian kichwani: nani ameketi na nani? Nikaomba Mungu filamu iwe na adabu. Nikazima taa, nikakaa kigodani.

Nyuma yangu, kwenye skrini, mtu akajamba. Akajamba tena. Suruali ikaanguka. Mwanamke mnene akaitwa lori la mchanga. Suruali, ambayo ilikuwa imeshapandishwa, ikaanguka mara ya pili.

Niwaeleze nilichoona. Wale vijana wa nyuma walianza kucheka, wakasikia wako peke yao, wakanyamaza mmoja mmoja, kama kwaya iliyoanza wimbo siyo. Mama mmoja wa kanisa alifungua mkoba akatafuta kitu ambacho hakikuwemo. Mkaza mwana alijifunika na leso yake hadi puani. Na Mzee Mutiso aliikagua kofia yake. Aliangalia ukingo, akaangalia utepe, akaigeuza akaangalia ndani, kama mtu anayetaka kuinunua lakini haamini bei.

Jifunzeni kutofautisha ukimya na ukimya. Watu wakinyamaza kwa kusikiliza, shingo zao huja mbele. Hawa shingo zao zilikuwa zimezama mabegani. Ukiona hivyo, usingoje filamu ifike mwisho na kuwaua wote. Filamu ilipofika katikati, nikainuka, nikawasha taa. "Projekta imeshika joto," nikasema. "Tuipumzishe kidogo. Nendeni mnywe soda."

Nje, ulimi haukuwa na breki.

"Hii ni sinema ama ni choo?" akasema mmoja.

"Choo kina mlango. Hii haina."

"Kyalo! Mwambie huyo jamaa yako anunue mshipi, suruali itulie!"

"Mimi nimeacha kufua nikaja hapa," akasema mama mmoja wa kanisa. "Nguo zangu zingenichekesha kuliko hii."

Wengine wakaanza kuondoka kwelikweli. Aliyewazuia ni Shosho Nyambura. Alisimama mlangoni na kikapu chake. "Hakuna mtu anaenda," akasema. "Niliambiwa niko ndani ya hii kitu na sijajiona bado. Nimetoka Nkoroi. Rudini mkae." Nani angebishana naye? Wakarudi, wengine wakinung'unika, lakini wakarudi.

Kyalo nilimkuta nyuma ya ukumbi, amechuchumaa kwenye ukuta. "Usirudishe, Mama Picha," akasema. "Zima tu. Hawa watu ni washamba, hawajui comedy."

Sikumgombeza. Kijana akiwa chini, ukimpiga maneno unamzika tu. Nilichuchumaa kando yake, magoti yakalia, naye akacheka kidogo bila kutaka. Nikamwambia, "Rafiki zako walicheka chumbani mwako, na hawakukudanganya. Walikuwa vijana peke yao, kila mmoja akimwangalia mwenzake akaona ruhusa. Humu ndani kila mtu akigeuka anaona mkwe, au mtu wa kanisa, au mama. Hakuna wa kumpa mwenzake ruhusa. Si ushamba huo. Ni watu wameketi na watu wao."

"Sasa nifanye nini?"

"Ukakae kigodani pangu. Ipe filamu mgongo. Usiangalie hata kidogo kitu ulichofanya, waangalie wao mpaka mwisho. Ukiogopa, waangalie hivyo hivyo."

Alikaa. Mimi nikasimama ukutani, na taa zikazimika. Mambo yakaendelea kuwa mabaya. Niliona mabega ya Kyalo yakipigwa na kila mzaha kama mtu anayerushiwa mawe madogo, lakini hakuondoka, na kwa hilo nilimheshimu.

Halafu ikafika ile sehemu. Yule shujaa wa filamu anakimbia kwa sababu za aibu nisizotaka kuzirudia, suruali ameishika kwa mkono mmoja, na nyuma yake kuna wanaume watatu wenye fimbo na mbwa mmoja. Wanaingia kwa kasi kwenye ua wa ploti ya Nkoroi. Na pale uani, juu ya magunia, Shosho Nyambura alikuwa ameanika mahindi yake. Hakuna aliyemwambia saa ngapi watapiga picha. Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, si kwa kuigiza, kwa hasira kamili:

"Wee! Toka kwa mahindi yangu! Hata kama unafukuzwa, zunguka!"

Na yule kijana aliyekuwa akikimbizwa akasimama. Akasahau kwamba yuko kwenye filamu. "Pole, shosho," akasema, akayazunguka mahindi kwa ncha za vidole, suruali mkononi. Wale watatu wenye fimbo wakafika ukingoni mwa magunia, wakamwangalia shosho, wakaangaliana, nao wakazunguka. Wa mwisho akamshika mbwa akamzungusha.

Ukumbi ulilipuka. Sijui niseme vipi. Akina mama wa kanisa walipigana mapaja. Mkaza mwana aliishusha leso, akacheka waziwazi mbele ya baba mkwe wake, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuficha. Vijana wa nyuma walisimama juu ya viti. Shosho Nyambura mwenyewe alipiga kelele, "Lakini si waliyakanyaga tu pale kando!" na hapo ndipo watu walipokosa pumzi. Kofia ya Mzee Mutiso ilikuwa chini, imebingirika hadi safu ya tatu, na mwenyewe alikuwa akijifuta macho kwa mikono miwili.

Kyalo aliyaona hayo yote kutoka kigodani. Sitasahau uso wake. Ni kama mtu aliyekuwa akichimba kisima mahali pakavu, halafu akasikia maji chini ya jembe la jirani.

Ilipokwisha, watu waliondoka wakisema zunguka, zunguka. Mzee Mutiso aliokota kofia yake, akaipangusa. "Ile ya shosho ilikuwa nzuri," akamwambia mwanawe. "Zile zingine zilinitesa. Umenikalisha na mke wa ndugu yako mbele ya matusi."

"Baba, pole sana." Kyalo akamkaribia. "Nipe mpaka mahindi mengine yaanikwe. Msimu mmoja tu."

Mzee aliiangalia kofia. Nikadhani ataanza kuikagua tena. "Nyundo haiozi," akasema, akaivaa kofia yake, akaenda zake.

Jumatatu ile Kyalo hakwenda Kiserian, alikuja kwangu. Akauliza, "Nitoe nini, niache nini?" Nikamwambia mimi sijui kutengeneza filamu, najua kuonyesha tu. Lakini nikamuuliza nani alicheka.

"Wote."

"Kwa nini?"

Akaanza kuirudia ile sehemu kwa vidole juu ya meza, shosho huku, wafukuzaji kule. Nikamwacha. Nami nawashauri hivyo hivyo, ukimwuliza mtu swali usimjibie. Mwishowe akasema polepole, "Si kwa sababu ya shosho kukasirika. Ni kwa sababu hata wale wanaofukuza walizunguka. Kila mtu hapo ndani anajua na yeye angezunguka."

Basi alikuwa ameipata filamu yake, na alikuwa ameipata mwenyewe. Aliyatupa mengine yote, suruali na upepo wake. Akaanza upya: kijana ametoroka na sufuria ya nyama ya harusi ya watu, na wenye harusi wanamfukuza kutoka Nkoroi hadi Kiserian, na kila wanapofika kuna jambo la adabu lisilorukwa. Wakipita kanisani wanakuta maombi, wote wanasimama na kufumba macho, mwenye sufuria amefumbua moja. Wakifika kwa Shosho Nyambura, mahindi. Safari hii aliyaanika makusudi, na akadai yaanikwe vizuri kwa sababu yanaonekana na watu.

Na alipohitaji mzee wa Kimaasai, nilimpeleka kwa Mzee Lemayian, ambaye sasa anatembelea bakora na kukaa zaidi kivulini mwa banda lake la mbuzi. Katika filamu, kijana anafika kwake akihema na sufuria mkononi, na hawezi kumpita mtu mzima bila salamu, kwa hiyo anainamisha kichwa. Mzee anamgusa. Kisha anamwuliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, polepole kama hana la kufanya mpaka Krismasi. Nyuma yake wafukuzaji wanapanga foleni, fimbo kwapani, vichwa vimeinama, wakingoja zamu zao za kuguswa.

Nilimpa Kyalo ushauri mmoja wa kazi, nanyi uchukueni: usijaribu kichekesho mbele ya marafiki peke yao. Waite marafiki, umwite mama yako, na umwite mtu mmoja asiyekupenda. Alifanya hivyo kila wiki chumbani kwake. Asiyempenda alikuwa jirani wa chumba cha pili, na jirani huyo alipocheka mara ya kwanza, Kyalo alinipigia simu akipiga kelele kana kwamba amepata mtoto.

Filamu mpya tuliionyesha Kajiado mjini, siku ya soko, alasiri, katika ukumbi tuliokodi. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Nilifunika madirisha kwa mablanketi, nikasalimia kiti kwa kiti. Walikuwepo wazee wa mashuka mekundu na wake wa wana wao, wachuuzi, wanafunzi, watu wa kanisa, na Shosho Nyambura na kikapu chake. Na kando ya mkaza mwana wake, kofia magotini, alikuwa Mzee Mutiso. Niliporudi mbele nilikuta kigoda changu kimekaliwa. Mzee Lemayian ameipa skrini mgongo, bakora katikati ya miguu.

"Mzee, leo uko ndani ya picha," nikamwambia. "Geuka ujione."

"Ninajijua," akasema. "Zima taa."

Sitawasimulia vicheko vyote. Vilianza kwenye sufuria na havikupumzika. Ile ya foleni ya kuguswa vichwa, wazee wa Kajiado walicheka mpaka wakashikana mabega, na mmoja akaita kwa sauti, "Muulize na habari za mbuzi!" Na shosho alipotokea na mwiko wake, hakuwahi kusema neno. Neno lake lilikuwa limeshafika Kajiado kabla ya filamu, ukumbi mzima ukamsemea: "Zunguka!" Nilimtafuta Mzee Mutiso. Kofia ilikuwa juu hewani, ameirusha, na mkaza mwana wake ndiye aliyeidaka.

Mzee Lemayian hakugeuka hata mara moja. Nilipomsaidia kuinuka, macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilikuwa mzuri," akasema. "Nimeona kwenye nyuso zao."

Tulitoka nje na kundi lote, watu wakisukumana, wakimtafuta Kyalo wamshike mkono. Mzee Mutiso alimfikia kabla ya wengine. Alimtazama tu kwanza. Kisha akasema, "Ile nyundo."

"Ndiyo, baba."

"Niachie. Nitaibeba mwenyewe."

Watu wakatusukuma kwenda mbele, na pale pale langoni palikuwa na mama wa soko ametandika gunia na kumwaga maharagwe yake yote juu, yuko peke yake mbele ya umati unaokuja kama ng'ombe waliosikia maji. Akainua mikono. Hakuwa ameiona filamu, hakujua chochote.

"Nyinyi! Maharagwe yangu!"

Mzee Mutiso akasimama, akavaa kofia yake, akaigusa ukingo kumwamkia. Kisha akazunguka. Nyuma yake akazunguka Kyalo, na Shosho Nyambura, na Mzee Lemayian na bakora yake, na mimi, na Kajiado nzima iliyokuwa ukumbini ikatufuata mmoja mmoja kwa ncha za vidole, na yule mama akatutazama tukipita huku tukicheka, asijue tumepatwa na nini.